Siklodekstrini: pete za sukari zinazoyeyusha dawa zinazogoma kwenye maji

#1 Mtunga Vidonge (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Hii mada nimekuwa nikiigusa juu juu kwenye nyuzi za wengine, leo naifungulia uzi wake. Ni habari ya dawa zisizoyeyuka kwenye maji, na kundi la molekuli za sukari ziitwazo siklodekstrini zinazotumika kuziyeyusha. Kazi yangu ni kutengeneza dawa, upande wa kupanga viambato vya vidonge na sindano. Nitauleta kwa vipande, maswali yaje tu.

Tuanze na shida yenyewe. Kidonge kikishafika tumboni bado hakijafanya kazi. Kinapaswa kumeguka, dawa iliyomo iyeyuke kwenye majimaji ya tumbo na utumbo, ndipo molekuli moja moja ipenye ukuta wa utumbo iingie kwenye damu. Punje isiyoyeyuka inapita na kutoka chooni. Mgonjwa anabaki na ugonjwa wake na pesa imekwenda. Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake waliziweka dawa za kumeza kwenye madaraja manne kwa vigezo viwili tu, kuyeyuka na kupenya. Daraja la pili ndilo linalotuhusu hapa: kupenya inapenya vizuri, kuyeyuka ndiyo kazi. Humo kuna glibenklamidi ya kisukari, piroksikamu ya maumivu, prazikwanteli ya kichocho na itrakonazoli ya fangasi. Hiyo ya mwisho ndiyo sugu kuliko zote. Kwenye maji yasiyo na tindikali, lita moja inabeba takriban mikrogramu moja tu. Dozi moja ya miligramu 200 ingetaka lita 200,000.

Dawa ikigoma maji, mtengenezaji anatafuta kiyeyushi kingine. Hapo ndipo watu wameumia. Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Marekani ilitaka kuuza sulfanilamidi, dawa ya kuua bakteria, ikiwa ya maji. Sulfanilamidi haikubali maji vizuri, mkemia wao akaona inayeyuka kwenye diethilini glikoli, wakatia ladha ya rasiberi, ikaingia sokoni. Diethilini glikoli inaharibu figo. Walikufa zaidi ya watu 100, watoto wakiwemo, na mwaka 1938 Marekani ikapitisha sheria ya kudai dawa mpya ithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa. Na hili halijaisha. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli; watoto zaidi ya 60 walipoteza maisha kwa figo kushindwa.

Hata viyeyushi halali vina gharama yake. Paklitakseli ya saratani huyeyushwa kwa mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa kikemia, na kwa ajili ya hayo mafuta mgonjwa lazima apewe kwanza dawa za kuzuia mzio. Fenitoini ya sindano, ya kifafa, ina propilini glikoli asilimia 40 na spiriti asilimia 10, na alikali kali juu yake. Manesi mnajua ukiiingiza kwenye dripu ya dekstrosi kinachotokea: dawa inajitenga, unaona chembe nyeupe kwa macho yako.

Naomba hili likae akilini uzi mzima: chochote ulichotumia kuyeyushia dawa, nacho umempa mgonjwa. Siklodekstrini nazipenda kwa sababu ni safi kuliko nyingi ya hizo, lakini nazo zina hesabu yake.

#2 Mama Nasra

Kaka hongera kwa uzi. Mimi si mtu wa sayansi, nina swali la nyumbani. Dawa mseto ya malaria tunaambiwa tumpe mtoto baada ya kula au na maziwa. Ndiyo mambo ya kuyeyuka hayo hayo?

#3 Mtunga Vidonge

Ndiyo hayo hayo dada. Ndani ya dawa mseto kuna artemetha na lumefantrini. Lumefantrini inapenda mafuta, maji haitaki kabisa. Ukiimeza tumbo tupu, sehemu kubwa inapita bure. Ukila chenye mafuta, ini linamwaga nyongo, nyongo inayavunja mafuta kuwa matone madogo sana na lumefantrini inasafiri humo. Tofauti ni kubwa: kwa mlo wenye mafuta mengi, lumefantrini inayoingia kwenye damu inaweza kufika mara 16 ya ile ya tumbo tupu. Na si lazima iwe pilau. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha mililita 36 tu za maziwa ya soya, zenye mafuta gramu 1.2, zinatosha kufikisha asilimia 90 ya kiwango kinachopatikana kwa nusu lita. Kwa hiyo chai ya maziwa inatosha. Mtoto anayekataa chakula kwa homa mpe hata maziwa kidogo pamoja na dozi, na anayenyonya anyonye.

Hapo maziwa ndiyo kiyeyushi, na kwa maoni yangu ni suluhisho zuri kuliko teknolojia yoyote ghali ambayo ingewekwa ndani ya kidonge.

#4 Mtunga Vidonge

Kipande cha pili: hizo pete zenyewe.

Kuna kimeng'enya cha bakteria ambacho, kikikutana na wanga, kinakata kipande cha mnyororo na kuziunganisha ncha zake mbili zikawa pete. Pete ya glukosi sita inaitwa alfa, ya saba beta, ya nane gama. Umbo lake si bapa. Ni ndoo iliyotobolewa kitako: mdomo mmoja mpana, wa pili mwembamba, katikati wazi. Kimo chake ni takriban nanomita 0.8, na upana wa uwazi ni karibu 0.5 kwa alfa, zaidi kidogo ya 0.6 kwa beta, na 0.8 kwa gama. Midomo yote miwili imejaa vikundi vya haidroksili vinavyopenda maji, hivyo pete nzima inayeyuka. Ukuta wa ndani hauna vikundi hivyo, na maji yaliyokwama mle hayashikani vizuri na wenzake. Ikija molekuli ya dawa yenye sehemu inayokimbia maji, mara nyingi ni pete ya benzini, sehemu hiyo inaingia ndani na maji yanatoka. Hakuna kifungo cha kikemia kilichojengwa, dawa ni ile ile. Kwa nje maji yanaona sukari tu.

Swali ambalo kila mwanafunzi huniuliza ni hili: sasa dawa itatokaje? Inatoka muda wote. Inaingia na kutoka mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, na kiasi kilichomo ndani kinategemea wingi wa pete na wingi wa dawa. Ukichoma sindano, damu inaizimua, protini za damu nazo zinaigombea, dawa inabaki huru karibu papo hapo. Kwenye utumbo, dawa iliyo huru inapenya ukutani, nyingine inatoka kwenye pete kuziba pengo. Pete yenyewe ni kubwa na inapenda maji mno, hivyo karibu yote inabaki utumboni. Gama inameng'enywa na vimeng'enya vya kawaida vya wanga, alfa na beta zinaliwa na bakteria wa utumbo mpana.

Historia yake kwa kifupi. Antoine Villiers wa Ufaransa aliziona fuwele hizi mwaka 1891 alipokuwa akichachua wanga wa viazi kwa bakteria. Franz Schardinger wa Austria akazitenga na kuzieleza kati ya 1903 na 1911. Karl Freudenberg, Mjerumani, ndiye aliyeonyesha kuwa ni pete, na mwaka 1953 yeye na wenzake wakapata hataza ya kuzitumia kwenye dawa. Dawa ya kwanza sokoni ilitoka Japani mwaka 1976, prostaglandini E2 ndani ya beta, kidonge cha kuweka chini ya ulimi.

#5 Nesi wa Zamu

Mkuu hiyo ya kuyeyusha tunaiishi kila siku wodini. Artesuneti ya malaria kali, kichupa cha miligramu 60: unaingiza mililita moja ya sodiamu baikaboneti, unatikisa, mwanzo unaona ukungu mweupe na vipovu, unaendelea kutikisa mpaka ghafla inang'aa. Hapo ndipo unaongeza mililita tano za maji ya chumvi kama unachoma mshipani, na unaitumia ndani ya saa moja. Ikibaki na ukungu unaimwaga. Je, ni siklodekstrini hiyo?

Na swali la pili. Tulikuwa na mgonjwa wa vorikonazoli (dawa ya fangasi) ya mshipani, daktari akasema kwa figo zake tumhamishie kwenye vidonge. Nilidhani dawa ndiyo inaumiza figo, akasema hapana, ni kilichomo pamoja na dawa. Alimaanisha nini?

#6 Mtunga Vidonge

Nesi, umeeleza vizuri kuliko kitabu.

Artesuneti si siklodekstrini. Molekuli yake ina mkono wa tindikali. Baikaboneti inaufanya ule mkono uwe chumvi yenye chaji, vile vipovu ni kaboni dioksidi inayotoka, na chumvi ndiyo inayoyeyuka. Hiyo ndiyo njia ya kwanza kila mtengenezaji anaijaribu, kwa sababu ni rahisi na nafuu. Shida inakuja kwa molekuli isiyo na mkono wa tindikali wala wa besi, au unaoamka kwenye pH ambayo mshipa hauwezi kuvumilia. Hapo ndipo tunakimbilia pete.

Sasa vorikonazoli. Chukua kichupa chake cha miligramu 200, usome maandishi madogo ya kwenye karatasi. Ndani kuna miligramu 3,200 za siklodekstrini. Ule unga mweupe uliogandamana unaouona, karibu wote ni pete, dawa ni sehemu moja kati ya 17. Unapoingiza mililita 19 za maji ya sindano kupata mililita 20, unayeyusha sukari iliyobeba dawa. Pete hizo hazivunjwi mwilini, zinatoka kwa figo kama zilivyoingia. Figo zikichuja chini ya mililita 50 kwa dakika, pete zinaanza kulundikana. Ndiyo maana daktari wako alipendelea vidonge, na vidonge vya vorikonazoli vinafyonzwa vizuri sana, hivyo mgonjwa hakupungukiwa.

Mfano mwingine wa karibuni ni remdesiviri ya wakati wa UVIKO. Kichupa cha unga cha miligramu 100 kina gramu 3 za pete hiyo hiyo. Ilipoidhinishwa Marekani Oktoba 2020, maelekezo hayakupendekeza kuwapa wenye figo dhaifu sana. Baadaye ikafanyiwa utafiti kwa wagonjwa hao, na Julai 2023 kizuizi hicho kikaondolewa, kwa kuwa matibabu ni ya siku chache na mashine ya kusafisha damu nayo inaziondoa pete. Kwa hiyo tahadhari ipo, ila isigeuke hofu.

#7 Kemia Pemba

Mkuu umesema beta ndiyo iliyotangulia sokoni. Lakini nimesoma kuwa beta yenyewe haiyeyuki vizuri kati ya zote tatu. Inakuwaje kitu kisichoyeyuka kiyeyushe kingine?

#8 Mtunga Vidonge

Hapa ndipo mada inaponoga, niruhusu nirefushe.

Kwa nyuzijoto 25, lita moja ya maji inabeba gramu 145 za alfa, gramu 232 za gama, lakini beta ni gramu 18.5 tu. Sababu ni kwamba pete ya glukosi saba imekaa sawasawa kiasi kwamba haidroksili za mdomo mpana zinashikana zenyewe kwa zenyewe pande zote, kama mshipi. Zikishikana hivyo hazina mkono wa kuyashika maji. Alfa imepinda kidogo, mshipi huo haukamiliki. Gama inanesanesa, nao unakatika.

Wakati huohuo, uwazi wa beta ndio unaotosha molekuli nyingi za dawa. Alfa ni nyembamba, gama ni pana mno kwa nyingi na ilikuwa ghali. Kwa hiyo tulikuwa na pete yenye kipimo kizuri ila isiyopenda maji vya kutosha, na mbaya zaidi, ukiichoma mshipani inajikusanya kwenye figo na kuziharibu. Beta asilia haichomwi kwenye mshipa, nukta.

Dawa ya hilo ilikuwa kuuvunja ule mshipi. Ukizibandika baadhi ya haidroksili vikundi vya haidroksipropili bila mpangilio maalumu, unapata mchanganyiko wa molekuli zinazotofautiana kidogo kidogo, ambazo haziwezi kujipanga kuwa fuwele. Umumunyifu unaruka kutoka gramu 18.5 mpaka zaidi ya gramu 600 kwa lita. Timu ya Valentino Stella, Chuo Kikuu cha Kansas, ilibandika mikono mirefu yenye salfonati mwishoni, yenye chaji hasi muda wote. Hiyo ndiyo iliyo kwenye vorikonazoli na remdesiviri. Zote mbili zinaruhusiwa mshipani. Kimsingi walichofanya ni kuharibu unadhifu wa molekuli, na unadhifu ndio uliokuwa tatizo.

#9 Dereva wa Mikumi

Mzee wangu kaandikiwa kapsuli za itrakonazoli, na tayari anakunywa omeprazoli ya vidonda vya tumbo. Umeitaja hiyo dawa hapo juu ukanitia wasiwasi. Na ile ya maji ipo?

#10 Mtunga Vidonge

Mkuu, wasiwasi wako una msingi, mrudishe kwa daktari au mfamasia mapema. Itrakonazoli ya kapsuli inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke, na omeprazoli kazi yake ni kupunguza tindikali hiyo. Matokeo yake dawa inayofika kwenye damu inapungua. Kapsuli zinamezwa mara baada ya mlo kamili. Asiache dawa yoyote kwa kusoma hapa, waliomwandikia wajue anatumia zote mbili, wao wataamua.

Ya maji ipo, na ndiyo mfano mkubwa wa siklodekstrini duniani. Kila mililita ina itrakonazoli miligramu 10 na haidroksipropili-beta miligramu 400. Kwa kuwa imeshayeyuka haihitaji tindikali, na inatumiwa tumbo tupu, kinyume kabisa na kapsuli. Hazibadilishwi kienyeji, kiwango kinachofika kwenye damu si kile kile. Na ile hesabu yangu inarudi: dozi ya miligramu 200 ni mililita 20, yaani gramu 8 za pete utumboni. Zinavuta maji, watu wengi wanaharisha.

#11 Kijana wa Famasi

Shikamoo mkuu. Mimi nipo mwaka wa mwisho shahada ya famasi, natafuta mradi. Nilipanga kutengeneza albendazoli ya minyoo na beta siklodekstrini ili iyeyuke zaidi, au prazikwanteli, kwa sababu ndizo dawa za magonjwa yetu. Msimamizi amekubali. Unaonaje?

#12 Mtunga Vidonge

Marahaba mdogo wangu. Nia yako nzuri, ila chukua kalamu kabla hujanunua kitu.

Albendazoli ina uzito wa molekuli 265, beta 1,135. Kila molekuli ya dawa ikipata pete moja tu, miligramu 400 za albendazoli zinataka miligramu 1,713 za beta. Kidonge kimeshapita gramu 2 na hujaweka kiambato kingine. Na hiyo ni hali bora. Kwa kawaida, kwenye mmumunyo, pengine pete moja kati ya tano ndiyo iliyobeba dawa, nyingine ziko tupu. Kwa uwiano huo unahitaji zaidi ya gramu 8. Prazikwanteli ni nzito zaidi: kidonge cha miligramu 600 kinataka miligramu 2,180 za beta kwa uwiano wa moja kwa moja, na mtu wa kilo 60 kwa dozi ya miligramu 40 kwa kilo anameza vidonge vinne. Hizo ni karibu gramu 9 za beta. Kamati ya wataalamu wa viambato vya chakula ya FAO na WHO iliweka kiwango cha beta kwa matumizi ya kila siku kuwa miligramu 5 kwa kilo, yaani miligramu 300 kwa mtu huyo. Dozi ya mara moja kwa mwaka si sawa na ya kila siku, sawa, lakini umeshaona ukubwa wa pengo.

Halafu kuna jambo ambalo nakuomba ulitafakari na msimamizi wako. Minyoo ya utumbo inaishi utumboni. Kwa minyoo hiyo albendazoli haihitaji kuingia kwenye damu, inakutana na mnyoo pale pale. Kuyeyuka zaidi na kufyonzwa zaidi kunaweza kuiondoa dawa mahali inapotakiwa. Inapotakiwa kwenye damu ni kwa uvimbe wa minyoo kwenye ini au ubongo, na huko tunampa mgonjwa na chakula chenye mafuta.

Siklodekstrini ni za dawa zenye dozi ndogo. Tazama piroksikamu iliyoingia sokoni Italia mwaka 1988: miligramu 20 za dawa kwa pete mbili na nusu kila molekuli, jumla miligramu 191. Hicho ni kidonge cha kawaida kabisa. Hata nikotini ya kuweka chini ya ulimi ni hivyo, miligramu 2 tu.

#13 Mtu wa Usingizi

Naongezea kutoka chumba cha upasuaji. Kuna siklodekstrini ambayo haibebi dawa yoyote, yenyewe ndiyo dawa. Inaitwa sugamadeksi. Tukimlaza mgonjwa tunampa rokuroniamu kulegeza misuli. Mwisho wa kazi, kwa miaka yote tumetumia neostigmini na atropini kuirudisha misuli, na ulegevu ukiwa mzito neostigmini haiuwezi. Anton Bom na wenzake wa Organon kule Scotland walichukua gama, wakairefusha kwa mikono minane yenye chaji hasi, rokuroniamu ikaingia mzima mzima. Unachoma, na ndani ya dakika chache tu misuli imerudi hata kwa ulegevu mzito. Ulaya waliiidhinisha 2008, Marekani Desemba 2015. Bei ndiyo inayofanya hospitali nyingi zetu zibaki na neostigmini.

#14 Mtunga Vidonge

Asante sana daktari, umeleta kitu muhimu. Nguvu ya kushikana tunaipima kwa namba. Kwa dawa nyingi na pete za kawaida ni kati ya mia moja na elfu chache kwa mola. Kwa sugamadeksi na rokuroniamu ni zaidi ya milioni 10. Rokuroniamu ikiingia haitoki, wanaondoka pamoja kwenye mkojo. Sasa fikiria ungefanya hivyo kwa dawa ya kumeza: ingeyeyuka vizuri sana na isingemfikia mgonjwa. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wasifurahie namba kubwa, na wasimwage pete nyingi kuliko zinazohitajika. Pete za ziada zinaikamata dawa huru na kuizuia kupenya.

#15 Kemia Pemba

Mkuu la mwisho kwangu. Wanga ni wanga. Muhogo tunao. Kwa nini tusizitengeneze hapa?

#16 Mtunga Vidonge

Kimeng'enya hakibagui, muhogo kitaukata kama kiazi au mahindi. Ugumu uko baada ya hapo. Unapata mchanganyiko wa alfa, beta, gama na minyororo iliyonyooka, na njia ya kiwandani ya kuitoa beta ni kutia toluini ambayo inaingia ndani ya pete na kuiangusha chini ikiwa mashapo. Kisha uiondoe toluini mpaka kiwango ambacho famakopia, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inakikubali, na kama ni ya sindano uondoe pia sumu za bakteria. Kampuni chache zimewekeza huko miaka mingi, Wacker ya Ujerumani na Roquette ya Ufaransa zikiwemo, na soko lao si dawa tu: vyakula wanavyo, na hata dawa ya kupulizia nguo iitwayo Febreze inakamata harufu kwa haidroksipropili-beta. Kuanzia kwenye beta ya chakula inawezekana. Ya sindano ni kazi ya mtaji mkubwa na maabara ya uhakika.

#17 Kijana wa Famasi

Mkuu nimeongea na msimamizi, tumeachana na albendazoli. Tunafikiria glibenklamidi ya miligramu 5. Nimepiga hesabu, uzito wa molekuli 494, kwa moja kwa moja ni miligramu 11.5 za beta, na hata pete moja kati ya tano bado ni miligramu 57. Inaingia kwenye kidonge kidogo. Nianzie wapi maabara?

#18 Mtunga Vidonge

Hesabu imekaa sawa kabisa. Anza na grafu ya Higuchi na Connors, ya mwaka 1965, inayoonyesha dawa iliyoyeyuka kadiri pete zinavyoongezeka; bado hatujapata bora yake. Andaa chupa zenye beta kuanzia sifuri mpaka milimola 15 kwa lita. Usipite hapo, beta yenyewe inagota karibu na 16. Kila chupa tia glibenklamidi nyingi kuliko inayoweza kuyeyuka, mpaka uone punje zimebaki chini. Tikisa kwa nyuzijoto 25. Saa 48 ni mwanzo tu. Pima tena siku inayofuata, na kama namba bado zinapanda endelea kutikisa. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, mililita ya kwanza uitupe kwa sababu kichujio kinanyonya dawa, kisha zimua na upime kwa spektrofotomita.

Glibenklamidi ni tindikali dhaifu, hivyo tumia bafa (mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike) na upime pH ya kila chupa mwanzo na mwisho. Usipofanya hivyo hutajua kama ni pete iliyoyeyusha au ni pH.

Mstari ukinyooka, chukua mwinamo wake. Kwa mfano wa namba za kufikirika, umumunyifu wa awali ukiwa mola 0.0001 kwa lita na mwinamo 0.2, nguvu ya kushikana ni 0.2 ugawe kwa zao la 0.0001 na 0.8 (yaani moja toa mwinamo), unapata 2,500 kwa mola. Mwinamo huo huo, 0.2 kwa 0.8, unakupa 0.25, na ndio unaomaanisha pete moja kati ya tano ina dawa. Thorsteinn Loftsson wa Chuo Kikuu cha Iceland ameonyesha kuwa polima kidogo inayoyeyuka kwenye maji inaweza kuongeza namba hiyo, hivyo weka seti moja ya chupa zenye polima.

Ukifika kwenye unga mkavu, tengeneza aina mbili: uliokandwa au kukaushwa kwa baridi, na mwingine ambao umechanganya dawa na beta vikavu tu, kwa uwiano ule ule. Nasisitiza huo wa pili. Tasnifu nyingi zinaonyesha kuwa kwenye grafu ya kupasha joto, kilele cha dawa kuyeyuka kwa joto kimepotea, wanatangaza dawa imeingia kwenye pete, na hawana mchanganyiko mkavu wa kulinganisha. Dawa ikiwa kidogo ndani ya sukari nyingi kilele kinapungua chenyewe.

Na kwenye sura ya majadiliano uandike waziwazi kwamba kidonge hiki hakiwezi kumpa mgonjwa dozi ile ile ya miligramu 5 bila majaribio mapya. Glibenklamidi inayofyonzwa zaidi inashusha sukari zaidi. Ile iliyosagwa laini sana, inayouzwa Marekani, ina vidonge vya miligramu 3 vinavyokaribiana na 5 za kawaida, na mgonjwa akihamishiwa huko anapangiwa dozi upya.

#19 Kijana wa Famasi

Nimeelewa mkuu, shukrani sana. Moja tu: mstari ukipinda chini kwenye chupa za mwisho niandike kuwa ni aina B ya Higuchi na Connors?

#20 Mtunga Vidonge

Usiharakishe. Kwanza chota mashapo ya chini ya chupa hizo, yakaushe, uyapime na uyalinganishe na glibenklamidi uliyotia mwanzoni. Kama ni dawa ile ile, pete haijaanguka, angalia pH na mpangilio wa kuzimua kwako. Kama ndani yake kuna beta, basi mchanganyiko wa dawa na pete umefikia kikomo chake na unaanguka, na hapo aina B unaiandika ukiwa na ushahidi mkononi. Ukipata mashapo ya namna hiyo, rudia seti nzima kwa haidroksipropili-beta uone kama kupinda kunaondoka.